Namna ya Kumfuatilia Mwimbaji kwa Santuri Zake za Mwanzo: Mfano wa Marian Anderson

Anayetaka kumfahamu mwimbaji wa kumbi kubwa aliyeimba karne moja iliyopita hukutana na vitu viwili ambavyo mara nyingi havipatani. Cha kwanza ni hadithi ya maisha yake, ambayo imekwisha kusimuliwa mara nyingi mno hata haina tena mahali pa kukwaruza. Cha pili ni santuri zake za mwanzo, ambazo hazifanyi lolote ila kukwaruza, na ambazo hazionekani kufanana na sifa alizomwagiwa. Wengi huishika hadithi na kuziacha santuri. Mwongozo huu unaelekeza njia nyingine: kuzichukua santuri kama ushahidi, kujua zilivyotengenezwa, kutenga kilicho cha mashine na kilicho cha soko, kisha kusikiliza kinachobaki, kwa kuwa hicho ndicho cha mwimbaji.

Mfano tutakaoutumia ni Marian Anderson, kontralto (mwanamke mwenye sauti ya chini kuliko zote za kike) mweusi wa Philadelphia nchini Marekani. Nimemchagua kwa sababu santuri zake za kwanza zilirekodiwa kwa ufundi ambao ulikuwa karibu kuachwa, na kwa sababu Jumapili moja ya mwaka 1939, alipoimba mbele ya umati mkubwa mjini Washington, imeifunika miaka kumi na mitano iliyotangulia, kiasi kwamba watu huzungumza kana kwamba siku ile alishuka kutoka mbinguni akiwa tayari anajua kuimba.

Anza na kalenda, na uishuku

Kabla ya kusikiliza chochote, chukua karatasi, piga mstari, na upange miaka. Tarehe ya kwanza ndiyo itakayokufundisha kushuku, kwa maana vitabu vya rejea vya zamani huonyesha kwamba Anderson alizaliwa mwaka 1902, na vingine huweka mwaka wa baadaye zaidi, ilhali cheti cha kuzaliwa kinaonyesha tarehe 27 Februari 1897. Waimbaji wengi wa enzi ile walijipunguzia miaka, na wasimamizi wao hawakuwazuia. Tofauti hiyo si ndogo kwa msikilizaji. Santuri yake ya kwanza, ya Desemba 1923, ikiwa ni ya msichana wa miaka ishirini na mmoja, utaisikia kama kazi ya mwanafunzi mwenye kipaji. Ikiwa ni ya mwanamke wa miaka ishirini na sita ambaye amekwisha kuimba makanisani na katika kumbi za vyuo kwa miaka mingi, utaisikia kama kazi ya mtu aliyekawizwa, na utaanza kuuliza ni nani aliyemkawiza.

Jibu linapatikana kwa kujaza miaka ya ujana. Baba yake, aliyeuza barafu na makaa ya mawe, alifariki Marian akiwa bado mtoto, na mama yake akawa akifanya kazi za usafi na za kufua. Shule ya sauti ilikuwa kwaya ya kanisa la Union Baptist, ambako mtoto huyu aliweza kushika sauti yoyote iliyopungukiwa na mwimbaji, ya juu au ya chini. Alipokwenda kujiandikisha katika shule moja ya muziki mjini humo, aliambiwa na binti aliyekaa dirishani kwamba watu weusi hawapokelewi. Waumini wa kanisa lake walichanga fedha za kumlipia mwalimu, na mwalimu aliyemjenga zaidi akawa Giuseppe Boghetti. Mwandamani wake wa piano katika safari za mwanzo alikuwa William King, na safari zenyewe zilikuwa za kwenye makanisa na vyuo vya watu weusi, nyingi zikiwa katika majimbo ya kusini, kwa treni zenye mabehewa ya ubaguzi.

Weka pia katika kalenda yako mtu mmoja aliyemtangulia, yaani mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya kiume) Roland Hayes, mzaliwa wa Georgia, mwana wa mama aliyezaliwa utumwani. Hayes aliimba katika kanisa lile lile la Union Baptist na kumtia moyo binti yule. Katika mwaka 1917, alipoona hakuna wakala wa kumpangia onyesho, alikodi mwenyewe ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston na kuujaza. Alipoona hakuna kampuni ya santuri inayomhitaji, aliilipa kampuni ya Columbia kwa fedha yake ili imrekodi, kisha akawa akiziuza santuri hizo mwenyewe. Ukilijua hilo, utaelewa maana ya kampuni kubwa kumwita Anderson studio miaka michache baadaye na kuziweka santuri zake katika orodha ya kawaida ya mauzo. Lilikuwa jambo ambalo karibu halijawahi kutokea kwa mwimbaji mweusi wa kumbi za muziki wa klasiki.

Miaka inayofuata ijazwe hivi. Tarehe 10 Desemba 1923 Anderson alirekodi kwa kampuni ya Victor, ambayo makao yake yalikuwa Camden, ng'ambo ya mto Delaware ukitokea Philadelphia. Mwaka 1924 aliimba katika ukumbi wa Town Hall, New York, viti vingi vikiwa vitupu, na wahakiki wakamkosoa, hasa kwa Kijerumani chake. Aliumia kiasi cha kufikiria kuacha kazi hiyo. Tarehe 26 Agosti 1925, baada ya kuwashinda waimbaji wapatao mia tatu katika shindano, aliimba pamoja na okestra ya New York Philharmonic katika uwanja wa Lewisohn. Mwisho wa mwaka 1928 aliimba Carnegie Hall. Kuanzia mwaka 1930 alikuwa Ulaya kwa vipindi virefu: London, Berlin, kisha nchi za Skandinavia, ambako maonyesho yake yalihesabiwa kwa makumi na makumi katika msimu mmoja. Tarehe 30 Desemba 1935 alirudi Town Hall, mguu ukiwa umefungwa plasta chini ya gauni refu, na safari hii wahakiki walisalimu amri.

Sasa itazame karatasi yako. Santuri ya kwanza imetangulia kuanguka kwa Town Hall na imetangulia ushindi wa Lewisohn. Kwa hiyo usiisikilize kama sauti ya nyota. Isikilize kama sauti ya mtu ambaye bado hajui kama atafaulu.

Jifunze kuisoma santuri kabla ya kuisikiliza

Santuri ya kasi ya mizunguko 78 si kitu cha kupigwa tu, ni hati. Lebo yake hutaja kampuni, namba ya orodha ya mauzo, jina la wimbo, mwimbaji, na mara nyingine aliyeupanga wimbo. Namba ya orodha ya mauzo isikupumbaze, kwa maana inaeleza santuri ilipotolewa dukani na haielezi iliporekodiwa. Inayoeleza siku ya studio ni namba ya bamba la kurekodia, pamoja na tarakimu ndogo inayoonyesha ni jaribio la ngapi la wimbo huo lililokubaliwa. Katika santuri za Victor tarakimu hiyo ya jaribio mara nyingi huchongwa katika eneo laini lililo kati ya mwisho wa mfereji (ule mstari uliochongwa ambamo sindano hupita) na lebo, upande wa kushoto, nayo ni ndogo kiasi kwamba utahitaji taa ya pembeni na kioo cha kukuzia.

Jaribio ni jambo la kuandikwa daima. Wimbo uleule, wa siku ileile, unaweza kuwa ulitolewa katika majaribio mawili tofauti, na ubishi mwingi kuhusu "alivyopumua" mahali fulani huisha mara inapogundulika kwamba wabishani wana santuri mbili zisizo moja.

Rangi ya lebo nayo inasema. Victor iliwaweka nyota wake wa opera, akiwamo Enrico Caruso, katika lebo nyekundu, ambayo ilikuwa ya bei ya juu na ya heshima. Santuri ya kwanza ya Anderson, yenye wimbo wa "Deep River" upande mmoja na "My Way's Cloudy" upande wa pili, ilitolewa katika lebo nyeusi ya kawaida. Baada ya miaka ya Ulaya alirudi katika kampuni hiyo hiyo na kuwekwa katika lebo nyekundu. Mtu asiyejua neno hata moja la muziki anaweza kuusoma mwenendo mzima wa kazi yake kwa rangi hizo mbili.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuona ugeni katika mambo haya. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, na Victor ilikuwa kampuni ndugu ya hiyo, yenye mbwa huyo huyo katika lebo zake. Wenye santuri za taarabu za wazee majumbani mwao wanaweza kuzitumia maarifa ya mwongozo huu bila kubadili lolote.

Kuishika na kuipiga

Ukibahatika kuipata santuri yenyewe, ishike kwa kingo. Imetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao laka, ukachanganywa na unga wa mawe, nayo huvunjika kama sahani. Usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha laka na kuula mfereji. Tumia maji yaliyochujwa yenye tone dogo la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, na usiloweshe lebo. Isimamishe wima unapoihifadhi. Usiipige kwa sindano ya santuri za LP, yaani zile za plastiki za baadaye, kwa kuwa mfereji wa santuri ya 78 ni mpana takriban mara tatu, na sindano nyembamba huanguka hadi chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo hakuna muziki ila vumbi.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kasi. Tunaziita "santuri za 78", lakini katika miaka ya 1920 ya mwanzo mashine za studio hazikuwa na utii huo. Siku moja zilizunguka mara 76 kwa dakika, siku nyingine 80. Hesabu yake ni rahisi. Badiliko la asilimia sita hivi ya kasi hupandisha au kushusha sauti kwa nusu toni. Santuri iliyorekodiwa kwa kasi ya 76 ikipigwa kwa 78, wimbo wa dakika tatu utafupika kwa sekunde nne au tano, na sauti itapanda kwa kiasi kisichofikia robo toni. Utasema hilo ni dogo. Kwa piano ni dogo. Kwa kontralto si dogo, kwani uzito wa sauti hupungua, mtetemo wake huenda mbio, na mwanamke wa miaka ishirini na sita anageuka kuwa kijana. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mingi nikiamini kwamba sauti ya Anderson ya mwanzo ilikuwa nyepesi na yenye haraka, hadi nilipoipunguza kasi nakala niliyokuwa nayo katika kompyuta kwa asilimia mbili na nusu, na yule niliyekuwa nikimdhania binti akatulia na kuwa mtu mzima.

Njia ya kuipata kasi sahihi ni kutafuta ufunguo wa wimbo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Lilinganishe noti la kumalizia na piano au kinanda kilichowekwa sawa, kisha rekebisha kasi hadi vikutane na ufunguo unaoingia akilini. Tahadhari ni moja: waimbaji wa sauti za chini huhamisha nyimbo kwenye funguo za chini kuliko zilizochapishwa, kwa hiyo kitabu cha muziki peke yake hakitoshi kuwa hakimu.

Kuondoa pembe

Sasa tumefika kwenye kiini. Mwaka 1923 hapakuwa na maikrofoni katika studio za santuri. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa la bati, sauti yake ikakusanywa na pembe hilo hadi kwenye kiwambo chembamba, na kiwambo kikaisukuma sindano iliyochora mfereji katika nta. Nguvu yote ya kuchora ilitoka mapafuni. Victor na wenzake walianza kurekodi kwa umeme mwaka 1925, kwa hiyo santuri za kwanza za Anderson zilikuja mwishoni kabisa mwa enzi ya pembe.

Pembe halikuwa na masikio ya haki. Lilipokea vizuri mitetemo ya katikati tu, takriban kuanzia 200 hadi 2,500 kwa sekunde, na kilicho nje ya mpaka huo kilififia. Tazama maana yake kwa kontralto. C ya katikati ya piano hutetema mara 262 kwa sekunde. F iliyo chini yake hutetema mara 175. D ya chini zaidi mara 147. Kwa maneno mengine, ile sehemu ya sauti iliyomfanya Anderson awe Anderson, yaani noti nzito za kifua, iko nje ya mlango. Sababu ya wewe kuzisikia hata hivyo ni kwamba sikio la binadamu lina ujanja wake: likisikia mitetemo ya juu inayofuatana na noti ya chini, hujijazia lenyewe msingi uliokosekana. Unachosikia katika noti za chini za "Deep River" ni kwa kiasi kikubwa ujenzi wa ubongo wako, nao hujenga kibanda mahali palipokuwa na nyumba ya ghorofa.

Upande wa juu nao umekatwa. Herufi kama s na f huishi katika mitetemo ambayo pembe halikuifikia, na hivyo mwimbaji yeyote wa enzi hiyo husikika kana kwamba ana kitambaa mdomoni. Kumbuka kwamba wahakiki wa mwaka 1924 walilalamikia matamshi yake ya Kijerumani. Usijaribu kuthibitisha wala kukanusha lawama hiyo kwa santuri za pembe. Santuri hizo si shahidi wa matamshi, na ukizilazimisha kushuhudia zitakuambia uongo.

Pembe liliharibu jambo la tatu, nalo ni ukubwa na udogo wa sauti. Noti kubwa iliweza kuirusha sindano nje ya mfereji, kwa hiyo mwimbaji alifundishwa kurudi nyuma hatua moja anapopaza sauti na kusogea karibu anaponong'ona. Ndiyo maana santuri ya pembe husikika bapa, kila kitu kikiwa katika kimo kimoja. Anderson, ambaye baadaye alisifiwa kwa namna alivyoweza kuipunguza sauti hadi ikawa uzi bila kukatika, hapa hakupewa nafasi ya kuonyesha hilo.

Kinachobaki baada ya kuondoa yote hayo ni kitu gani? Ni mambo ambayo pembe halikuweza kuyagusa: usahihi wa noti, urefu wa pumzi, namna anavyounganisha noti moja na nyingine, mahali anapochagua kukawia, na kasi ya wimbo. Sikiliza "Deep River" mara tatu, kila mara ukishughulika na jambo moja tu. Mara ya kwanza weka alama kila anapovuta pumzi. Mara ya pili fuatilia miruko mikubwa ya wimbo, uone kama anaifikia noti moja kwa moja au anaitelezea. Mara ya tatu usiandike chochote. Utatambua utulivu ambao hauendani na mtu aliye studio kwa mara ya kwanza, na hapo miaka ya Union Baptist itakuwa imejieleza yenyewe.

Kuondoa soko

Mashine si kizuizi pekee. Jiulize kila mara ni nani aliyechagua nyimbo. Anderson wa mwaka 1923 alikuwa akiimba katika maonyesho yake nyimbo za Kiitaliano na za Kijerumani kando ya nyimbo za kiroho za watumwa wa Marekani. Ila santuri zilizomtambulisha kwa wanunuzi zilikuwa za nyimbo za kiroho. Mwenye kutaka kumjua kwa santuri hizo tu atadhani ndizo alizozijua tu.

Hata hivyo ingekuwa kosa la pili, na pengine kubwa zaidi, kuzidharau nyimbo hizo kana kwamba alibandikwa. "Deep River" anaouimba ulipangwa kwa sauti moja na piano na Harry T. Burleigh, mwimbaji na mtunzi mweusi ambaye katika ujana wake alimwimbia mtunzi wa Kicheki Antonín Dvořák nyimbo za kiroho mjini New York. Burleigh aliuchukua wimbo wa kuimbwa na wengi na kuuvika mavazi ya ukumbi, ili uweze kusimama katika onyesho moja na nyimbo za Schubert, mtunzi wa Austria, pasipo kuomba radhi. Hayes aliuimba kwa moyo huo, na Anderson naye vilevile. Aliendelea kuzimalizia nyimbo za kiroho katika maonyesho yake hadi ziara yake ya kuaga, iliyoishia Carnegie Hall tarehe 18 Aprili 1965. Kwa hiyo andika katika daftari lako mambo mawili bila kuyachanganya: kwamba kampuni ilichagua kwa kutazama soko, na kwamba mwimbaji aliimba kwa imani.

Urefu wa santuri nao ni soko na mashine kwa pamoja. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba takriban dakika tatu, na wa inchi kumi na mbili dakika nne na kidogo. Nyimbo zilikatwa beti, au ziliharakishwa ili zitoshe. Ukisikia mwimbaji anaharakisha kuelekea mwisho, pima kwanza urefu wa upande kabla ya kuandika insha kuhusu hisia zake.

Kulinganisha, na hapa usiwe na haraka

Santuri moja haifundishi kitu, mbili hufundisha. Baada ya kuizoea santuri ya mwaka 1923, ruka moja kwa moja hadi zile alizorekodi katikati ya miaka ya 1930 akiwa na mpiga piano wa Kifini Kosti Vehanen. Tayari ni enzi ya maikrofoni. Tafuta wimbo wa Schubert "Der Tod und das Mädchen". Ndani yake msichana anamsihi Mauti ampite, na Mauti anamjibu kwa upole. Mwimbaji mmoja anabeba sauti zote mbili. Mwishoni Schubert aliacha hiari ya kushuka hadi ile D ya mitetemo 147, nayo Anderson anaishukia kwa namna ya mtu anayeketi kitini mwake. Ndipo utakapojua ni kitu gani pembe lilikuwa limetunyima. Rudi sasa kwenye "Deep River" ya mwaka 1923, na utaisikiliza kwa masikio mapya, kwani ubongo wako umepata vipimo vya nyumba ya ghorofa na hautajenga tena kibanda.

Tahadhari ni kwamba si kila tofauti kati ya santuri hizo mbili ni ya maikrofoni. Kati yake kuna zaidi ya miaka kumi ya kazi, miezi ya kujifunza Kijerumani akiwa Berlin kwa msaada wa fedha za ufadhili za mfuko wa Rosenwald, na maonyesho mengi ya Skandinavia mbele ya watu ambao hawakuja kumhurumia wala kumstaajabia kwa rangi yake. Katika safari hizo Vehanen alimpeleka kwa mtunzi Jean Sibelius, ambaye, kama inavyosimuliwa, alimwambia kwamba paa la nyumba yake ni la chini mno kwa sauti ile, na akaagiza kahawa iondolewe iletwe shampeni. Nyimbo za Sibelius alizozirekodi na Vehanen ziweke karibu na zile za Schubert. Ni ushahidi mzuri wa jinsi alivyokuwa akijifunza lugha kwa lugha, wala si kwa kukariri sauti tu.

Kwa kulinganisha matamshi, tumia santuri za umeme peke yake. Kwa kulinganisha pumzi na muunganiko wa noti, unaweza kuvuka enzi zote mbili. Kwa kulinganisha kasi, hakikisha kwanza umeweka sawa mizunguko. Sharti hizi tatu zikizingatiwa, nusu ya mambo yanayoandikwa kuhusu "sauti yake ilivyobadilika" yatajifuta.

Kuna uzi mmoja zaidi ambao napenda kumshauri msomaji aufuate, ingawa mwanzo wake haumo katika santuri yoyote. Katika shindano la mwaka 1925 Anderson aliimba aria (wimbo wa opera wa mwimbaji mmoja) ya mtunzi wa Kiitaliano Donizetti, "O mio Fernando". Tarehe 9 Aprili 1939, baada ya chama cha wanawake cha Daughters of the American Revolution kumnyima, kwa sababu ya rangi yake, ukumbi wao wa Constitution Hall mjini Washington, aliimba mbele ya jengo la ukumbusho wa Lincoln, watu wapatao 75,000 wakiwa uwanjani na wengine wengi wakisikiliza kwa redio. Alianza kwa wimbo wa uzalendo, kisha akaimba aria ile ile ya shindano. Picha za filamu za habari za siku hiyo zimehifadhiwa na sauti zake zinapatikana. Wengi huzitazama kwa ajili ya umati. Wewe zisikilize kwa kalenda yako mkononi, na uone kwamba aliyesimama pale na koti la manyoya hakuwa amechukua wimbo wa kujaribisha. Alichukua wimbo aliouishi kwa miaka kumi na minne.

Mahali pa kupata, na ruhusa ya kutumia

Kwa utafutaji, anza na orodha ya santuri za kihistoria za Marekani inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambayo hutaja tarehe ya studio, namba ya bamba na majaribio ya kila wimbo, na mara nyingi huweka sauti yenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina mkusanyiko wa santuri za enzi ya pembe za kusikilizwa bure kwa intaneti. Karatasi za Anderson, daftari zake, programu za maonyesho na kanda nyingi za mazoezi ziko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni. Programu za maonyesho ndizo zitakazokuonyesha alichokuwa akiimba wakati santuri zake zilikuwa zikionyesha kingine.

Unapochagua nakala ya sauti, chagua iliyosafishwa kidogo. Programu za kompyuta za kuondoa makelele huondoa pia ukingo wa juu wa sauti, ambao katika santuri za pembe ulikuwa haba tangu mwanzo, na matokeo yake ni mwimbaji aliyefungiwa chumbani. Afadhali mkwaruzo, kwa kuwa baada ya dakika mbili sikio huuzoea.

Kuhusu haki, sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018 iliweka ratiba ya kuziachia huru rekodi za zamani: zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 zilikuwa huru kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na zilizotolewa mwaka 1923 tarehe 1 Januari 2024, kisha mwaka baada ya mwaka. Hapa tofauti tuliyoitaja mwanzoni kati ya siku ya studio na siku ya dukani inarudi na meno, kwa kuwa ratiba hiyo hufuata mwaka wa kutolewa, na santuri iliyorekodiwa Desemba inaweza kuwa ilifika dukani mwaka uliofuata. Hakikisha mwaka wa kutolewa kabla ya kuiweka rekodi katika kipindi chako cha redio au video, na uangalie pia sheria ya nchi unayorushia matangazo, kwa sababu ratiba ya Marekani haiifungi nchi nyingine.

Mwisho, kila unachokisikiliza kiandikie mstari mmoja katika daftari: jina la wimbo, siku ya studio, namba ya bamba na jaribio, pembe au maikrofoni, kasi uliyoitumia, na nakala umeipata wapi. Maoni yako yaandike katika mstari wa chini yake, kwa wino wa rangi nyingine.